Mishale yangu inaenda kushoto kila siku, nirekebishe upinde au nijirekebishe mimi?

Swali: Shikamoo kocha. Nipo Morogoro, nina mwezi wa nne sasa napiga upinde. Ni rikavu (upinde wenye ncha zilizopinda kwenda mbele) ya inchi 68, limbu, yale mabawa mawili ya upinde, zimeandikwa paundi 24 kwa inchi 28. Mishale ni ya kaboni, niliagiza mtandaoni, imeandikwa 500, urefu inchi 30. Mimi ni wa mkono wa kulia, urefu wangu sentimita 167. Nikipiga mita 18 mishale mingi inaangukia kushoto na mkia umelalia kulia, ila haikai pamoja, mingine inapanda mingine inashuka. Rafiki yangu anasema nisogeze saiti (kile cha kulengea), mwingine anasema nikaze planja (kile kijipini cha springi kinachoegemewa na mshale pembeni), mwingine anasema nikate mishale iwe mifupi. Nifanye kipi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kwanza asante kwa kuandika namba zote, watu wengi wananiambia tu "upinde wangu haulengi vizuri" halafu nabaki nakisia, wewe umenipa kila kitu na jibu lako karibu lote limo humo humo kwenye swali. Naomba usifanye hata kimoja katika hivyo vitatu ulivyoambiwa, na cha kukata mishale ndio kabisa usikiguse, nitakueleza kwa nini.

Tuanze na mshale, maana wageni wengi wakisikia "kurekebisha upinde" wanashika alenki wanaanza kuzungusha bolti za limbu. Mshale ukiachiwa hauendi umenyooka kama unavyoonekana kwa macho, unapinda. Ugwe unasukuma mkia kwa nguvu, kichwa kinachelewa kwa sababu kina uzito, basi katikati panajikunja, mshale unaizunguka raiza, ile sehemu ya katikati ya upinde yenye mshiko, kama samaki anavyopiga mkia halafu unaendelea kujikunja huku na huku mpaka unatulia. Ukipinda kiasi kinachotakiwa unapita pembeni ya raiza bila kuigusa. Ukiwa mgumu sana kwa nguvu ya upinde wako haupindi vya kutosha, na kwa mtu wa mkono wa kulia unakimbilia kushoto, ukiwa laini sana unakimbilia kulia. Hiyo namba 500 ndio kipimo cha ugumu wenyewe, tunaita spaini, na inachanganya watu kwa sababu iko kinyume: namba ikiwa kubwa mshale ni laini, ikiwa ndogo mshale ni mgumu. Wanachukua mshale wanauegemeza ncha mbili, katikati wananing'iniza uzito wa gramu 880 hivi, wanaangalia umeshuka kiasi gani, 500 maana yake umeshuka nusu inchi.

Sasa piga hesabu ya upinde wako. Limbu zinasema paundi 24 lakini hizo ni paundi za mtu anayevuta inchi 28. Wewe wa sentimita 167 ukinyoosha mikono yote miwili pembeni, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole utapata karibu urefu wako huo huo, gawanya kwa 2.5 unapata sentimita 67 hivi, ambayo ni inchi 26 na kidogo. Kwa kila inchi usiyoivuta unapoteza kama paundi mbili, kwa hiyo kwenye vidole vyako kuna paundi 20 au 21, sio 24. Mshale wa spaini 500 unafaa upinde wa paundi 35 kwenda juu. Kwa upinde wako ulitakiwa uwe na mshale wa 900 au 1000. Yaani umechukua fimbo ngumu ukaiambia ijikunje kwa nguvu ya paundi 20, haiwezi, inaenda kushoto na itaendelea kwenda kushoto hata ukizungusha planja mpaka iishe.

Na hapa ndio unaona ule ushauri wa kukata mishale ni hatari. Mshale ukiufupisha unazidi kuwa mgumu, kwa hiyo ungeongeza tatizo lile lile na pesa isingerudi. Tena mshale mfupi sana unaweza kushuka kwenye kijishikio chake pale kwenye raiza wakati umevuta mpaka mwisho ukakuingia mkononi. Kwa mtu anayeanza acha mshale uzidi mvuto wako inchi mbili hivi, mvuto wako wenyewe bado unabadilika, mgongo ukijifunza kufanya kazi unaweza kuongezeka hata inchi nzima.

Nakusihi kwenye hili kwa sababu nimeumia nalo. Kuna kijana nilikuwa namfundisha, mwenye bidii kweli, mishale yake ilikuwa kushoto kama yako na mimi nikamkazania miezi miwili kuhusu vidole, kiwiko, bega, kila siku bega, mpaka siku moja nikamwazima mishale laini ya dada mmoja tuliyekuwa naye uwanjani, ya kwanza kabisa ikaingia kwenye njano, katikati ya ubao. Nilimuomba msamaha pale pale. Tangu siku hiyo mtu akija kwangu nasoma mshale kabla sijamwangalia yeye.

Wala sio jambo geni kwetu. Ukienda kwa Wahadzabe kule Ziwa Eyasi ukakaa nao jioni utaona mtu ana vijiti vyake, anavipasha kwenye moto, anaving'ata kwa meno anavinyoosha, anafumba jicho moja anaangalia kama kimenyooka, anarudia tena na tena. Upinde uko pembeni umelala, kazi iko kwenye mshale.

Basi, kama uwezo upo tafuta mishale sita tu ya 900 au 1000, usinunue kumi na mbili kwanza. Mpaka ipatikane, hii uliyonayo unaweza kuipunguza ugumu kidogo kwa kuweka vichwa vizito, kama saivi una vya greni 100 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa) weka vya 150, na planja uilegeze, usiikaze, aliyekuambia ukaze amekuambia kinyume. Itasogea kulia kidogo. Haitakaa sawa kabisa, 500 haiwezi kugeuka 1000, lakini itakuruhusu uendelee na mazoezi bila kukasirika.

Kabla mishale mipya haijafika kuna vitu vichache kwenye upinde vya kuweka sawa, na vyote ni rula na dakika ishirini. Cha kwanza ni nafasi kati ya ugwe na sehemu ya ndani kabisa ya mshiko. Kwa upinde wa inchi 68 anzia inchi 8 na nusu mpaka 8 na robo tatu, yaani sentimita 21.6 hadi 22.2. Ikiwa ndogo kuliko hapo vua ugwe upande mmoja uusokote zaidi, ugwe ukisokotwa unafupika na nafasi inaongezeka, ikiwa kubwa fungua misokoto. Ugwe unaokuja na upinde wa kuanzia kawaida ni wa dakroni, aina ya uzi, na dakroni inavutika, hasa ukiwa mpya na jua likiwa kali, kwa hiyo pima kila siku kabla ya kupiga, usiseme nilipima wiki jana. Sikiliza na sauti, upinde uliokaa sawa unatoa mlio mfupi wa chini, uliokosea unapiga kelele na mkono unatetemeka. Na mtu asikushawishi uweke ule ugwe wa kisasa usiovutika kama limbu zako hazijaandikwa kwamba zinauruhusu, limbu za bei nafuu zinapasuka.

Cha pili ni pale mkia wa mshale unapokaa kwenye ugwe. Weka kile kidude cha noki, kinachoonyesha mkia ukae wapi, kama milimita 12 juu ya mstari ulionyooka kutoka kwenye kijishikio cha mshale. Kama hukupewa vile vya shaba funga uzi imara, zungusha mara nyingi ukate vizuri, mimi naupenda uzi kuliko shaba kwa sababu haukwaruzi vidole na unausogeza unavyotaka. Halafu jaribu hivi: chomeka mshale kwenye ugwe kichwa kikiangalia chini uuache uning'inie, gonga ugwe kwa kidole karibu na noki, ule mkato wa mkia wa mshale. Mshale unatakiwa udondoke. Ukigonga ukabaki umeng'ang'ania noki imebana sana, na ukidondoka kabla hujagonga imelegea, na noki iliyolegea ni hatari, inaweza kuchomoka ukaachia upinde mtupu. Kuachia ugwe bila mshale usifanye hata siku moja, hata kwa utani, hata dukani kujaribu. Nguvu yote inayotakiwa iende kwenye mshale inarudi kwenye limbu.

Cha tatu unyoya wa rangi tofauti. Kwa wewe wa kulia unatakiwa uangalie kushoto, mbali na raiza. Ukiugeuza unagonga raiza na mshale unarushwa hovyo, nimeona hili mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kama una wasiwasi kuna kitu kinagusa paka manyoya poda ya mtoto, piga mshale mmoja, angalia raiza wapi pana alama nyeupe.

Bolti za limbu ziache zilivyo kwa sasa.

Mishale ikifika fanya jaribio la mishale mitupu, hili ndilo litakuambia ukweli. Chukua mitatu utoe manyoya, mitatu iache na manyoya yake. Ile mitupu izungushie seloteipu pale manyoya yalipokuwa ili uzito wa nyuma usipungue. Simama mita 10 kwanza, ukizoea rudi mita 18, piga yote sita ukilenga sehemu moja. Yenye manyoya inajirekebisha njiani, mitupu haijirekebishi, inaenda ilikotumwa. Anza na juu na chini kabla ya kushoto na kulia. Mitupu ikiwa juu ya yenye manyoya kidude cha noki kwenye ugwe kiko chini, kipandishe, ikiwa chini basi kiko juu, kishushe, milimita moja kwa mara moja usizidishe. Ukishalingana hapo ndio uangalie pembeni: mitupu ikiwa kushoto mshale ni mgumu, legeza planja au ongeza uzito wa kichwa, ikiwa kulia mshale ni laini, kaza planja au weka kichwa chepesi. Usijali sana mkia umelala wapi kwenye gunia unalopigia, gunia lina ujanja wake, lina sehemu ngumu na sehemu laini, mshale unageuka ukiingia. Angalia umetua wapi.

Na badilisha kitu kimoja tu, piga, andika, ndio ubadilishe kingine. Nunua daftari dogo la kuweka kwenye mkoba pamoja na podo. Mtu akigusa noki na planja na saiti siku moja halafu mishale ikakaa vizuri hajui ni kipi kilichosaidia, wiki ijayo ikiharibika hajui arudi wapi.

Ila sasa kuna sehemu ya swali lako mishale mipya haitaitibu, ni pale uliposema haikai pamoja, mingine inapanda mingine inashuka. Spaini inaeleza kushoto, haielezi juu na chini. Hiyo ni wewe, na nakuambia kwa upendo, miezi minne ni michache sana, hamna aibu hapo.

Kwanza hakikisha jicho. Nyoosha mikono, tengeneza kitundu kidogo kwa viganja, angalia kitu cha mbali kupitia hicho kitundu macho yote yakiwa wazi, halafu funga jicho moja moja. Jicho ambalo ukilifungua peke yake kile kitu kinabaki ndani ya kitundu ndilo jicho lako kuu. Kama ni la kushoto na wewe unavutia kulia hiyo pia inapeleka mishale kushoto, tena mbali, na kwa kuwa una miezi minne tu ningekushauri ubadilishe mkono saivi kuliko kuhangaika miaka. Upinde itabidi utafute raiza ya kushoto, ni gharama najua, lakini kaazime kwanza ujaribu.

Kama jicho liko sawa, twende kwenye sehemu mkono unapotua usoni, tunaita anka. Hapa ndipo juu na chini yako inapotoka, nina uhakika karibu wote. Hebu tupige hesabu tena. Mshale wako una sentimita 70 na kitu, ubao uko mita 18, hiyo ni kama mara 25. Mkono wako ukitua milimita mbili tu chini ya ulipotua mara iliyopita, kule mbele mshale unapanda kama sentimita tano, na duara la kumi kwenye karatasi ya sentimita 40 lina upana wa sentimita nne. Yaani milimita mbili za kidevu zimekutoa kwenye kumi mpaka nje. Kwa hiyo mkono uwe chini ya taya, mfupa wa kidole cha shahada umegusa mfupa wa taya, ugwe unagusa katikati ya kidevu na ncha ya pua. Sehemu hizo tatu, kila mshale, na usiachie mpaka umezisikia zote. Meno yafunge, mtu akiwa anafungua mdomo kidogo mshale huu na kufunga mshale ule anka imehama bila yeye kujua.

Ujue wakubwa nao wanaishi kwenye hizo milimita. Fainali ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024 Kim Woo-jin wa Korea Kusini na Brady Ellison wa Marekani walifungana mpaka mshale mmoja mmoja wa mwisho, wote wakapata kumi, Kim akashinda kwa kuwa karibu na katikati kwa milimita 4.9, na hiyo ni mita 70, ubao wa sentimita 122. Na kwenye mashindano hayo hayo Israel Madaye wa Chad, aliyejifunza mwenyewe kwa sehemu kubwa, alikutana na huyo huyo Kim, mshale wake mmoja ukaangukia kwenye pointi moja, dunia nzima ikaona, na akavuta mshale uliofuata akaendelea. Mimi namheshimu sana yule kaka. Nakutajia kwa sababu najua ukipiga mmoja mbaya mkono unakimbilia kwenye saiti. Usiguse saiti kwa mshale mmoja, wala miwili. Piga angalau sita, tafuta katikati ya kundi lake ndipo usogeze, na sheria ni saiti inafuata mshale, kundi likiwa kushoto saiti inaenda kushoto, likiwa juu inaenda juu.

Mishale yako iandike namba kwa makapeni, moja mpaka sita, na kwenye daftari andika kila namba imeangukia wapi. Baada ya raundi tano au sita kama namba 4 kila mara iko nje peke yake basi ni mshale wenyewe, noki imepasuka au kaboni imechoka, utoe. Kama inayotoka nje ni tofauti kila raundi, hapo ni mpigaji. Na kaboni kabla ya kupiga ikunje kidogo kwa mikono karibu na sikio huku unaizungusha, ukisikia inalia au ukaona ufa vunja utupe, mshale wa kaboni uliopasuka unaweza kuvunjikia mkononi wakati unaachia.

Mazoezi sasa. Nusu ya mishale yako ya wiki ipige mita 3 kutoka kwenye gunia, bila karatasi, bila saiti, ukishahakikisha umeelekea sawa unafumba macho. Najua inachosha, vijana wangu wote wanalalamika, lakini ukiwa na karatasi mbele akili yote inaenda kwenye njano, ukiwa na gunia tupu unasikia mwili. Sikiliza mkono wa upinde: usiushike kama jembe, mshiko ulalie kwenye nyama ya kidole gumba, vifundo vya vidole vilale kama nyuzi 45, vidole vingine vimelegea, funga kamba ya kidole ili usiogope upinde kuanguka. Ukiukaza unaupindisha upinde wakati mshale unatoka. Mkono wa kuvuta, usivute kwa kiganja, vuta kwa mgongo mpaka bega la nyuma linakaribia uti wa mgongo, na wakati wa kuachia usifungue vidole, acha kuvishikilia tu, mkono utarudi wenyewe nyuma ya shingo. Ukiona mkono wako unaruka mbali na uso kama unapiga gitaa hapo unauchomoa ugwe pembeni, na hiyo nayo inapeleka kushoto. Upinde ubaki juu mpaka usikie mshale umepiga. Usishike zaidi ya sekunde tatu nne ukiwa umevuta, ukipita hapo shusha, pumzika, anza upya, kushusha sio kushindwa.

Wala usikimbilie limbu nzito. Mishale 60 iliyo mizuri kwa paundi 20 ni bora kuliko 20 ya kutetemeka kwa paundi 30, na ukija kupandisha panda paundi mbili mbili.

La mwisho ni uwanja wako, hujanieleza unapigia wapi. Kama ni nyuma ya nyumba hakikisha nyuma ya gunia kuna tuta la udongo au ukuta mrefu na hakuna njia ya watoto, gunia lijaze mifuko ya nailoni ikandamizwe kweli kweli. Pima jicho leo, pima ile nafasi ya ugwe leo, na mishale mipya ikifika piga ile sita, mitatu na mitatu, upige picha ubao kutoka mbele ukiwa umenyooka unitumie, mitupu uizungushie kalamu nyekundu ili niitofautishe.